Vitamutamu vya Kakao Bila Maziwa: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua nilizozichagua kwa toleo hili zinahusu keki na vitamutamu vingine vya kakao vinavyookwa nyumbani bila maziwa wala siagi, na kwa mafuta kidogo. Baadhi nimezifupisha, lakini sikubadili maana ya mwandishi yeyote. Kabla ya kuzijibu, naomba jambo moja lieleweke mapema: kuondoa maziwa ni sharti moja, na kupunguza mafuta ni sharti jingine. Mtu anaweza kutimiza la kwanza huku akilivunja la pili bila kujua, na sehemu kubwa ya matatizo mliyoniandikia imetokana na kuyachukulia mawili haya kuwa kitu kimoja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Daktari amenishauri nipunguze mafuta, nami sikutaka kuiacha keki ya chokoleti ambayo watoto wangu wameizoea. Niliondoa mafuta yote katika kipimo changu cha kawaida na mahali pake nikatia matufaha yaliyochemshwa na kupondwa, kwa uzito uleule. Keki iliumuka vizuri, lakini ilipopoa ilikuwa ikivutika kama mpira, na kesho yake juu ilikuwa imekauka ilhali ndani inanata. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kuchagua matufaha hakukuwa kosa. Kilichoiharibu keki yako ni kuyaondoa mafuta yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mafuta yana kazi zake katika keki, na yakiondoka bila kupata wa kushika nafasi yake, kazi hizo hubaki bila mtendaji.

Unga wa ngano unapokutana na maji, protini zake huungana na kufanya nyuzi za gluteni, zile zile zinazoushikilia mkate usibomoke. Katika mkate tunazihitaji kwa wingi, lakini katika keki tunazihitaji kwa kiasi tu. Mafuta huzifunika chembe za unga na kuzizuia protini zisiungane kupita kiasi, na ndiyo maana keki yenye mafuta hukatika kwa urahisi mdomoni. Kazi ya pili ni ya ladha: sehemu kubwa ya harufu za kakao na vanila huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo mafuta yakikosekana ladha huja ghafla na kupotea upesi. Zaidi ya hayo, mafuta huchelewesha ukavu, jambo ambalo wewe umeliona siku ya pili.

Matufaha yaliyopondwa yanaweza kushika sehemu tu ya kazi hizo. Yana maji mengi pamoja na pektini, ambayo huyashikilia maji hayo na kuipa keki unyevu, lakini hayana uwezo wa kuzizuia protini za unga. Badala yake huziongezea maji ya kuunganishia nyuzi zao. Mpira ulioutafuna ni gluteni iliyoachwa ifanye itakavyo. Ushauri wangu ni kubakiza angalau robo, na ikiwezekana theluthi, ya mafuta ya kipimo cha awali, kisha kuchukua hatua nyingine mbili za kuidhibiti gluteni: badilisha sehemu ndogo ya unga wa ngano kwa wanga wa mahindi, ambao hauna gluteni kabisa, na ukoroge kwa uchache kuliko mkono wako ulivyozoea.

Nitakupa kipimo kamili, maana maelezo bila vipimo humwacha mtu palepale alipokuwa. Kipimo hiki nimekijenga juu ya keki iliyookwa sana nchini Marekani nyakati za uhaba, hasa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, isiyohitaji mayai, maziwa wala siagi. Keki ile ilitumia vijiko vitano au sita vya chakula vya mafuta. Hapa tutatumia viwili.

Chekecha pamoja gramu 160 za unga wa ngano, gramu 30 za wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kilichosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Katika bakuli jingine weka gramu 40 za unga wa kakao usio na sukari, umimine juu yake mililita 220 za maji yaliyotoka kuchemka, na ukoroge hadi upate uji laini usio na madonge. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Unga wa kakao una wanga na nyuzinyuzi zinazofyonza maji polepole, na maji ya moto huulowesha wote kwa pamoja na kuitoa harufu yake. Utaisikia mara tu maji yanapougusa, na utaiona rangi ikigeuka kutoka kahawia iliyopauka hadi karibu nyeusi inayong'aa. Acha uji huo upoe uwe vuguvugu, ndipo utie gramu 170 za sukari, gramu 60 za matufaha yaliyopondwa, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya mimea yasiyo na harufu kali, kijiko kimoja cha chai cha arki ya vanila, na mwisho kijiko kimoja cha chakula cha siki.

Mimina mchanganyiko huo juu ya unga na uchanganye kwa mwiko mpana, ukikwangua chini na pembeni mwa bakuli, na uache papo hapo unga mkavu unapotoweka, hata kama bado unaona vidonge vidogo vidogo. Vidonge hivyo vitaisha vyenyewe ndani ya oveni, lakini gluteni iliyokwisha kukazwa kwa kukorogwa haina dawa. Kwa kuwa siki na bekingi soda huanza kutoa gesi mara zinapokutana, trei ya mraba ya sentimita 20 iwe imeshatandikwa karatasi ya kuokea, na oveni iwe imeshafika nyuzi 170 za Selsiasi. Anza kuichunguza keki ikifika dakika 26. Choma kijiti katikati: kikitoka na rojo, bado, kikitoka na chembe chache zenye unyevu zilizong'ang'ania, itoe sasa hivi. Ukingoja hadi kijiti kitoke kikavu kabisa utakuwa umechelewa, kwa sababu keki huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe hata ikiwa mezani. Keki ya siagi hustahimili kuzidishiwa dakika tano. Hii haistahimili hata tatu.

Ukiikata vipande 12, kila kipande kitakuwa na takriban gramu 3 za mafuta. Kwa kulinganisha, keki ya ukubwa huo iliyotiwa gramu 180 za siagi hukupa gramu 12 kwa kila kipande kutokana na siagi pekee. Ile hali ya kunata siku ya pili nayo ina tiba: usiifunike keki ikiwa bado na mvuke. Ipoze kabisa juu ya wavu, kisha uifunge vizuri, na sehemu ambayo haitaliwa ndani ya siku mbili uigandishe vipande vipande katika friza.

SWALI: Mwalimu, mimi na mke wangu tumeacha siagi na maziwa. Keki zetu sasa tunaoka kwa mafuta ya nazi, tui zito na chokoleti nyeusi ya asilimia 70, tukiamini kwamba tumejipunguzia mafuta. Jamaa yetu mmoja anasema tumeyaongeza. Nani mkweli?

JIBU: Jamaa yenu ni mkweli, kaka, na ninafurahi kwamba amewaambia.

Siagi ina mafuta takriban asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Mafuta ya nazi ni mafuta matupu. Kwa hiyo mtu anayebadilisha gramu 100 za siagi kwa gramu 100 za mafuta ya nazi anaongeza mafuta kwa robo nzima ya kiasi cha awali. Aina yake pia ni ya kuangaliwa: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina ile ambayo wataalamu wa lishe huiita mafuta yaliyoshiba, ilhali katika siagi kiasi hicho ni karibu nusu ya uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, kwa hiyo mwenye kujali moyo wake hana sababu ya kuyapa mafuta ya nazi heshima ya pekee kwa kuwa tu yametoka kwenye mmea. Tui zito nalo mara nyingi huwa na gramu 17 hadi 20 za mafuta katika kila mililita 100, wakati maziwa ya soya ya kawaida yana takriban gramu 2. Nazi ni kiungo kizuri, chenye harufu nzuri, na kinamfaa asiyekunywa maziwa. Haimfai kwa wingi huo anayepunguza mafuta.

Kuhusu chokoleti, hapa ndipo penye siri ninayotamani kila msomaji aichukue. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 ina mafuta yapatayo gramu 40 katika kila gramu 100, kwa sababu mbegu ya kakao yenyewe ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake. Unga wa kakao ni mbegu ileile iliyokamuliwa. Mashine ya kuikamua ilipewa hataza nchini Uholanzi mwaka 1828 chini ya jina la Van Houten, na tangu wakati huo tumeweza kuipata ladha ya kakao huku sehemu kubwa ya mafuta yake ikiwa imeachwa kiwandani. Unga wa kawaida hubakiwa na mafuta asilimia 20 hadi 24, na ule uliokamuliwa zaidi asilimia 10 hadi 12. Kiasi hicho kinaweza kusomwa kwenye jedwali la virutubisho lililo nyuma ya pakiti. Tena ladha ya chokoleti imo hasa katika ile sehemu isiyo mafuta, kwa hiyo gramu 40 za unga wa kakao zina nguvu katika keki kuliko gramu 100 za chokoleti iliyoyeyushwa.

Popote panapotakiwa gramu 100 za chokoleti ya asilimia 70 katika keki au brauni, ile keki nzito ya chokoleti inayokatwa vipande, weka gramu 40 za unga wa kakao, gramu 30 za sukari na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya mimea. Mkikosa ule uzito wa chokoleti mdomoni, kateni gramu 20 za chokoleti yenyewe vipande vidogo mkavinyunyize juu ya keki kabla ya kuiingiza ovenini. Kipande kidogo kinachokutana na ulimi moja kwa moja huonekana kikubwa kuliko kingi kilichopotelea ndani ya unga.

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka minne na amethibitishwa kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe. Nimeambiwa na jirani kwamba nitumie maziwa yasiyo na laktosi, na kwamba chokoleti yoyote nyeusi haina maziwa. Pia anasema mayai yahesabiwe pamoja na maziwa. Naomba unisaidie, maana naogopa hata kumtengenezea keki ya siku yake ya kuzaliwa.

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na nitakujibu kwa uangalifu. Yote matatu uliyoambiwa si sahihi, na mawili ya kwanza yanaweza kumdhuru mtoto.

Asiyevumilia laktosi, yaani sukari ya maziwa, hukosa kimeng'enya cha kutosha cha kuisaga tumboni. Huumwa tumbo, huvimbiwa au huharisha, na maziwa yaliyoondolewa laktosi yanamfaa. Mwenye mzio wa maziwa ni mwingine kabisa. Kinga ya mwili wake huzishambulia protini za maziwa, yaani kaseini na protini za wei, yale majimaji yanayotengana na jibini. Protini hizo zimo zote katika maziwa yasiyo na laktosi, kwa hiyo kwake hayo ni maziwa kama maziwa mengine, na kiasi kidogo kinaweza kumletea vipele, kutapika, hata kushindwa kupumua. Maziwa ya mbuzi nayo usimpe kwa kudhani ni mbadala, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Kuhusu chokoleti nyeusi: viwanda vingi hutengeneza chokoleti ya maziwa na nyeusi kwa mitambo ileile, na mabaki ya ya kwanza huingia katika ya pili. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipozipima chokoleti nyeusi 94 na kutangaza matokeo yake mwaka 2015, ni 6 tu zilizoorodhesha maziwa miongoni mwa viambato, lakini katika 88 zilizobaki, 51 zilikutwa na maziwa. Kwa mtoto wako, basi, chokoleti nyeusi isiyo na tamko la wazi la usalama kwa wenye mzio usiiguse. Unga wa kakao usiochanganywa na kitu ni rahisi zaidi kuuamini, ila nao usome lebo yake yote, pamoja na yale maandishi madogo yanayosema kwamba huenda bidhaa ina chembe za maziwa. Soma vilevile lebo ya majarini, ambayo mara nyingi hutiwa wei, na ya poda za kutia katika kahawa badala ya maziwa, zinazouzwa kwa jina la kutokuwa na maziwa, ambazo baadhi yake zina kaseini.

Mayai hayatoki katika maziwa, na mwenye mzio wa maziwa anaweza kuyala endapo daktari wake hajaona kwamba ana mzio wa mayai pia. Wapo watoto wenye yote mawili, kwa hiyo muulize. Keki niliyoieleza katika jibu la kwanza haina maziwa wala mayai, nayo ndiyo ningeiokea siku ya kuzaliwa ya mtoto huyu. Osha bakuli, mwiko, chekeche na trei kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuanza, usitumie mwiko wa mbao uliokwisha kuchanganyia siagi, na usipake trei siagi kwa mazoea. Hilo la mwisho huwapata hata wapishi makini, kwa kuwa mkono huenda wenyewe. Ikiwa wageni wake ni watoto pia, waulize wazazi wao juu ya mzio wa soya na wa karanga au lozi kabla ya kuchagua maziwa ya mimea ya kupambia.

SWALI: Nilinunua kakao nyeusi sana yenye harufu laini, nikaitumia katika kipimo chenye bekingi soda. Keki haikuumuka, na ilikuwa na ladha ya sabuni. Je, kakao ilikuwa mbovu?

JIBU: Kakao yako ilikuwa nzima. Ulichonunua ni kakao iliyotiwa alkali, njia iliyobuniwa na Coenraad van Houten katika karne ya 19, ambayo huipunguzia ukali, huikoleza rangi, na huiondolea asidi yake ya asili. Bekingi soda haitoi gesi ya kutosha bila asidi. Ikikutana na kakao ya asili, ambayo ina asidi, au na siki, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi inayoiinua keki. Ikikosa asidi, alkali yake hubaki ndani ya keki, na ndiyo hiyo ladha ya sabuni uliyoisikia. Ukiwa na kakao ya aina hiyo tumia bekingi poda, ambayo imekwisha kuchanganywa na asidi yake: kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 125 za unga. Lebo ya kakao husema ikiwa imetiwa alkali, nawe ukiona neno hilo utajua cha kufanya.

SWALI: Mbali na matufaha, ni vitu gani vingine vinaweza kuchukua nafasi ya mafuta? Nimesoma kuhusu ndizi, boga, parachichi, plamu zilizokaushwa na hata maharage meusi.

JIBU: Vyote vinatumika, lakini havilingani. Katika vitamutamu vya kakao, mimi nazipa plamu zilizokaushwa nafasi ya kwanza bila kusita. Zina nyuzinyuzi na sobitoli, aina ya sukari inayoshika maji kwa nguvu, na rangi yake nyeusi pamoja na uchachu wake mdogo huiunga mkono kakao kiasi kwamba mlaji hudhani umeongeza chokoleti. Loweka gramu 100 za plamu zisizo na kokwa katika vijiko vitano vya chakula vya maji ya moto kwa robo saa, kisha uzisage ziwe rojo zito. Rojo hilo linafaa hasa kwa brauni, kwa sababu brauni inatakiwa iwe nzito na yenye unyevu, nao ndio udhaifu wa rojo lolote la tunda: huifanya keki iwe nzito. Kumbuka tu kwamba sobitoli nyingi hulegeza tumbo, hivyo kipande kimoja kinamtosha mtu.

Ndizi mbivu hufanya kazi nzuri, lakini ladha yake haifichiki, na anayetaka chokoleti atapata ndizi. Boga lililopikwa na kupondwa ni pole zaidi. Parachichi hutajwa mno kama njia ya kupunguza mafuta, jambo linalonishangaza, kwa kuwa lenyewe lina takriban gramu 15 za mafuta katika kila gramu 100. Ni mafuta mazuri, na bado ni machache kuliko ya siagi, ila aliyeambiwa ahesabu mafuta yake ayahesabu na hayo. Maharage meusi huleta protini na nyuzinyuzi, na yakisagwa hadi yalainike kabisa hayaonekani katika brauni. Yasiposagwa vya kutosha, kila mtu mezani atajua.

SWALI: Je, nikitumia asali au tende badala ya sukari, keki itakuwa ya afya zaidi?

JIBU: Asali ni sukari kwa mwili wako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu asali, pamoja na shira na juisi za matunda, katika kundi moja na sukari ya mezani, na unashauri kundi lote lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni kama gramu 50. Asali vilevile haifai kupewa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Tende nzima zilizosagwa zina faida ya nyuzinyuzi, nazo huendana na kakao, lakini utamu wake bado ni mwingi.

Kupunguza ndiko kunakofaa kuliko kubadilisha. Sukari ya keki nyingi inaweza kupunguzwa kwa sehemu moja ya tano bila madhara makubwa. Ukizidi hapo utaona keki ikianza kukakamaa na kukauka, kwa sababu sukari nayo huyashika maji na kuilainisha keki, na katika keki ambayo mafuta yamekwisha kupunguzwa, kazi hiyo ya sukari ni ya thamani zaidi. Kwa hiyo usipunguze vyote viwili kwa ukali ndani ya keki moja. Chumvi kidogo, vanila, au kijiko kimoja cha chai cha kahawa kavu ya kuyeyuka katika uji wa kakao hukufanya usiukumbuke utamu uliopungua.

SWALI: Kuna kitamutamu cha kakao kinachookwa bila mafuta kabisa?

JIBU: Kipo kinachokaribia. Piga ute wa mayai matatu, bila tone la kiini, kwa kuwa mafuta ya kiini huuzuia ute usishike povu. Kwa sababu hiyohiyo bakuli liwe safi na kavu, na lisiwe la plastiki, ambayo hubakiza mafuta. Povu likianza kusimama, ongeza gramu 150 za sukari laini kijiko baada ya kijiko hadi ling'ae na lisimame wima, kisha chekecha juu yake gramu 15 za kakao yenye mafuta machache na uipindie ndani kwa mizunguko michache. Kakao hubomoa povu ukiikoroga sana. Weka vilima vidogo juu ya karatasi na uoke kwa nyuzi 110 kwa muda wa saa moja na nusu, uzime oveni, na uviache vipoe humohumo.

Asiyekula mayai atumie maji mazito ya dengu nyeupe zilizochemshwa au za kopo, vijiko viwili vya chakula kwa ute wa kila yai moja. Mfaransa Joël Roessel alionyesha mwaka 2014 kwamba maji hayo hushika povu kama ute wa yai, na nyumba nyingi zisizotumia mayai zimenufaika na ugunduzi huo. Yanahitaji kupigwa kwa muda mrefu zaidi, dakika kumi au hata kumi na tano kwa mashine.

SWALI: Keki yangu isiyo na siagi imekuwa nzuri, lakini sijui niipambe kwa nini. Krimu ya siagi itaiharibia maana yote.

JIBU: Pambia kwa krimu iliyofungwa na wanga. Katika sufuria ndogo, changanya vikiwa vikavu gramu 60 za sukari, gramu 25 za kakao, gramu 20 za wanga wa mahindi na chumvi kidogo mno, kisha umimine kidogo kidogo mililita 250 za maziwa ya soya, ukikoroga hadi madonge yaishe. Soya inashinda maziwa ya lozi hapa kwa sababu ina protini zaidi, na krimu yake huwa na mwili. Weka juu ya moto wa wastani na usiuondoe mwiko chini ya sufuria. Kwa dakika kadhaa hutaona mabadiliko, halafu itaanza kushika ghafla. Ikitoa mapovu makubwa mazito, iache dakika moja zaidi ili ladha ya wanga mbichi iishe, na uitoe. Wengi huiondoa mapema wakidhani imekwisha kuwa nzito, na ikipoa hulegea na kutoa maji.

Itie vanila, ufunike uso wake kwa karatasi ya plastiki inayoigusa krimu yenyewe ili isifanye ngozi, na uiweke katika friji kwa saa tatu. Ikishapoa, ipige kwa mchapo mpaka ilainike na uipake juu ya keki baridi siku ileile utakayoila, kwa kuwa krimu hii ina maji mengi na ikilala juu ya keki huanza kuilowesha.